Tulikuwa safarini tangazo lilipobandikwa: je, bado tunaweza kupinga?

"Tangu kustaafu, mimi na mume wangu tunakaa Nyali, Mombasa, miezi ya kaskazi tu. Masika ikikaribia tunakwenda kwa watoto Birmingham, tunarudi Novemba. Safari hii tumerudi tukakuta kiwanja cha jirani, kilichokuwa na nyumba moja ya kawaida, kimezungushiwa mabati na tingatinga linachimba. Ubao unasema ghorofa tisa, nyumba 36. Kijana anayetutunzia nyumba anasema mwezi wa Julai palibandikwa karatasi kwenye geti la jirani, na siku nyingine alikuja msichana na fomu, akamwomba ajaze, naye akajaza. Majirani wa upande wa pili ni watu wa Nairobi, huonekana Desemba. Je, kaunti inaweza kuamua jambo kubwa hivi wenye mtaa hatupo? Tumeshachelewa? Na mwakani tukisafiri tufanyeje?"

Karibuni nyumbani, na poleni kwa mapokezi hayo. Nianze na jibu litakalowauma: ndiyo, kaunti inaweza kuamua nyinyi mkiwa Birmingham. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 10, inaufanya ushirikishwaji wa wananchi kuwa msingi wa utawala, na kifungu cha 69 kinautaja tena kwenye mambo ya mazingira. Lakini kinachodaiwa ni kwamba watu wapewe nafasi ya kweli ya kusema. Haidaiwi kwamba kila mwenye nyumba awe ameitumia nafasi hiyo. Mahakama ya Juu Zaidi ilieleza mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya British American Tobacco, kwamba ushirikishwaji usiwe wa kutimiza ada tu, na pia kwamba haitoshi mtu kudai hakushirikishwa bila kuonyesha kilichokosekana.

Kwa hiyo ukienda kwenye ofisi yoyote na hoja ya "sisi hatukuwepo", utasikilizwa kwa upole kisha urudishwe mlangoni. Hoja yenye nguvu ni nyingine: je, tangazo lilitolewa inavyotakiwa? Lilitoka gazetini au lilibandikwa getini tu? Lilitaja namba ya kiwanja, matumizi ya sasa na yanayoombwa, na mahali pa kupeleka pingamizi? Lilikaa siku ngapi kabla ya mvua kulichukua? Hayo ndiyo ya kuchunguza sasa, maana siku za pingamizi huhesabiwa tangu tangazo litoke, hata kama mwenye nyumba yuko ng'ambo.

Wengi hudhani kuna uamuzi mmoja tu, kwamba kaunti ilisema "jengeni" basi. Kwa kweli kuna mafaili kadhaa, kila moja na saa yake. Kwanza kuna idhini ya kubadilisha matumizi ya kiwanja, kutoka nyumba ya familia moja kuwa nyumba nyingi. Kuna idhini ya michoro ya jengo lenyewe. Kuna leseni ya mazingira ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Faili moja likiwa limefungwa, jingine laweza kuwa bado wazi, na ndiyo maana sikubali haraka kwamba mmeshachelewa.

Faili linalohusu mtaa zaidi ni lile la kwanza. Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi Yake ya 2019 inakataza mtu kuendeleza ardhi bila idhini ya kaunti. Mwombaji hutumia mpangaji miji aliyesajiliwa, ambaye huandika ripoti ya kueleza kwa nini mabadiliko yanafaa. Kifungu cha 58 kinamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake na kuwaalika watu wapeleke pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika na mipango ya ardhi. Matangazo haya kwa kawaida hutoa siku 14. Wakati huohuo faili huzungushwa kwa idara nyingine, kama barabara, maji, afya na mazingira, zitoe maoni yao. Halafu kuna kipengele ambacho watu wengi hawakijui: mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, idhini huchukuliwa kuwa imetolewa. Ukimya wa kaunti unamfaa mwombaji. Ndiyo maana pingamizi lililowekwa kwenye droo bila kuunganishwa na faili halina tofauti na pingamizi ambalo halikuandikwa.

Jambo jingine linalowapita watu, hata walioko mjini, ni lugha ya matangazo yenyewe. Gazetini hutakuta "Nyali, karibu na msikiti" wala "nyuma ya duka". Utakuta kitu kama MN/I/ na namba mbele yake: MN ni bara ya kaskazini, na tarakimu ya Kirumi ni sehemu yake. Kisiwani mara nyingi utaona Mombasa/Block na namba. Mtu anaweza kusoma tangazo la ukuta wake mwenyewe akageuza ukurasa. Chukueni nakala ya ramani ya upimaji ya eneo lenu, muandike namba za viwanja vyote vinavyopakana nanyi na vya ng'ambo ya barabara. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na bila namba hizo kufuatilia magazeti ni kupoteza macho.

Sasa ile fomu ya msichana. Bila shaka lilikuwa dodoso la tathmini ya athari kwa mazingira. Mtaalamu aliyeajiriwa na mwenye mradi hutuma watu wazunguke kwa majirani, na majibu hubandikwa nyuma ya ripoti inayokwenda NEMA kama ushahidi kwamba jirani waliulizwa. Swali la kwanza huwa jepesi, "Je, unaujua mradi?", na la mwisho ni "Je, unaunga mkono?" Mtunza nyumba, ambaye hataki ugomvi na mtu, hutia alama ya ndiyo, jina na namba ya simu. Msimgombeze kijana, hakuna aliyemwambia karatasi ile ni nini. Lakini ombeni nakala ya ripoti muangalie ameandikwa kama nani. Akiwa ameorodheshwa kama mwenye nyumba, andikieni NEMA mara moja kwamba mwenye nyumba hakuulizwa, mkiambatisha maelezo mafupi ya kijana mwenyewe yenye sahihi yake. Na msitegemee kwamba mtaliona tangazo la NEMA katika gazeti rasmi la serikali. Tangazo lile la siku 30 za maoni linahusu ripoti kamili za miradi mikubwa, na jengo la nyumba za kupanga mara nyingi hupitia ripoti fupi. Kwa hiyo dodoso lile huenda ndilo lililokuwa kikao chenu chote.

Ya kufanya wiki hii, kabla ya kutafuta mtu wa kugombana naye, ni kutafuta tarehe. Pigeni picha ya ubao kwa karibu, namba zote zisomeke: ya idhini ya kaunti, ya NEMA, ya Mamlaka ya Ujenzi, na majina ya mchoraji na mhandisi. Nendeni idara ya mipango ya ardhi ya kaunti na namba hizo, muombe kuona faili. Siku hiyohiyo acheni barua ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016. Barua hiyo inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Wakikataa au wakinyamaza, Tume ya Haki ya Utawala ndiyo inayopokea malalamiko. Ombeni kwa majina: nakala ya idhini na tarehe yake, ripoti ya mpangaji miji, nakala ya tangazo na ukurasa wa gazeti lilipotoka, pingamizi zilizopokelewa, na maoni ya idara. Barua ya jumla ya "tunaomba maelezo kuhusu mradi" hupata jibu la jumla. Msikae kungoja zile siku 21 ziishe, kwa sababu, kama mtakavyoona, muda wa rufaa ni mfupi kuliko huo.

Mkishapata tarehe, njia itajitenga yenyewe. Ikionekana hakuna idhini kabisa, kazi yenu ni nyepesi: lalamikeni kwa maandishi, kaunti itoe ilani ya kusimamisha. Anayejenga bila idhini anatenda kosa lenye faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Ikionekana kubadilisha matumizi kumeidhinishwa lakini michoro bado, au kinyume chake, pelekeni pingamizi hata kama siku 14 za tangazo zimepita. Uamuzi ukiwa haujafanywa, afisa mwenye busara ataliweka ndani ya faili, na mtakuwa mmejiwekea ushahidi kwamba mlisema.

Idhini ikiwa imeshatolewa, kifungu cha 61 kinampa rufaa mwombaji na pia "mtu mwenye maslahi" asiyeridhika. Rufaa inakwenda kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango ya ardhi, ndani ya siku 14 tangu uamuzi, na kamati nayo imepewa siku 14 kuamua. Asiyeridhika hapo huenda Mahakama ya Ardhi na Mazingira. Leseni ya NEMA ina njia yake mbali: Baraza la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa za mazingira, ndani ya siku 60. Kumekuwa na mabishano mahakamani iwapo siku hizo 60 zihesabiwe tangu leseni itolewe au tangu mlalamikaji alipoijua. Kwa watu waliokuwa nje ya nchi hoja hiyo ina uzito, ila msiitegemee. Hesabuni tangu tarehe ya leseni, na muwahi.

Watu wenye hasira huruka kamati wakaenda moja kwa moja mahakamani. Ni kosa la gharama kubwa. Mahakama zetu husisitiza kwamba njia iliyowekwa na sheria ifuatwe kwanza, na kesi nyingi nzuri zimetupwa kwa sababu hiyo bila hata kuguswa kiini chake.

Tuseme ukweli kuhusu matarajio. Pingamizi si kura ya turufu. Hata mtaa mzima ukikataa, kaunti inaweza kuidhinisha ikitoa sababu. Kama mpango wa eneo unaruhusu majengo marefu, kuzuia ghorofa tisa zisijengwe ni vigumu sana. Kinachopatikana mara nyingi zaidi ni masharti: mtambo wa kusafisha maji taka badala ya shimo, maegesho ya ndani ya kiwanja, madirisha yasiyotazama ua wa jirani, nafasi kubwa zaidi kati ya jengo na ukuta wenu, saa za kazi. Mimi ningeandika pingamizi lenye sehemu mbili: tunapinga kwa sababu hizi, na iwapo kaunti itaidhinisha, tunaomba masharti haya. Wapo wanaoona sehemu ya pili ni kusalimu amri. Sikubaliani nao, afisa anayesoma barua ya kupinga tu ana chaguo la kuitupa au kuikubali yote, na kuitupa ni rahisi.

Sababu zenyewe ziwe za mipango ya ardhi. Thamani ya nyumba kushuka, mandhari ya bahari kuzibwa, au "aina ya watu watakaokuja" hazitawafikisha mbali, na hiyo ya mwisho itawavunjia heshima. Anzeni na maji taka, kwa sababu hapo ndipo Nyali ina udhaifu wa kweli. Sehemu kubwa ya bara ya kaskazini haijaunganishwa na mabomba ya maji taka, watu wanatumia matangi ya septiki na mashimo ya kufyonza. Pigeni hesabu mbele ya msomaji: nyumba 36, kila moja watu wanne, ni watu 144. Kila mtu akitumia lita 100 kwa siku, ni lita 14,400 kila siku, yaani zaidi ya boza la lita 10,000 likimwagwa ndani ya kiwanja kilekile kila kukicha. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe yenye matundu na nyufa. Maji hupita humo upesi bila kuchujwa vya kutosha, na kisima chenu, kama mnacho, kiko upande wa pili wa ukuta. Pelekeni maji yake maabara sasa, kabla jengo halijakaliwa. Majibu ya leo ndiyo yatakayoonyesha kesho kama kuna kilichobadilika. Andikeni umbali kwa mita kutoka kisima hadi pale shimo lilipochorwa kwenye michoro. Aya moja ya namna hiyo ina uzito kuliko kurasa tatu za malalamiko.

Baada ya hapo barabara (ipimeni upana kwa utepe, mhesabu magari yanayoweza kupishana), maegesho, na njia ya umma ya kwenda pwani kama ipo karibu. Upepo pia ni hoja halali: ukuta wa ghorofa tisa upande wa kusini utawazibia kusi, na upande wa kaskazini utawazibia kaskazi. Kelele za usiku zina kanuni zake za 2009 chini ya sheria ya mazingira, na hizo mnaweza kuzitumia hata kama jengo lenyewe halizuiliki.

Barua iwe na namba ya kiwanja chao na chenu, tarehe ya tangazo, na ombi la kujibiwa kwa maandishi. Chapeni nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha tumeni pia kwa barua pepe. Barua kumi zilizonakiliwa neno kwa neno na kutiwa sahihi na watu kumi huhesabiwa kama moja. Bora barua tatu, kila moja ikieleza athari ya nyumba yake: yenu kuhusu kisima, ya jirani wa Nairobi kuhusu maegesho.

Mwakani sasa. Hamhitaji kuwepo ili kupinga, na hamhitaji hati nzito ya uwakilishi ili kupeleka barua. Pingamizi lililoandikwa Birmingham, likatiwa sahihi, likapigwa picha na kutumwa, mtu yeyote anaweza kulichapisha na kulipeleka kaunti. Hati ya uwakilishi iliyosajiliwa mtaihitaji kwa mambo ya hati miliki, na wakili wenu anaweza kuitaka kwa kesi. Itengenezeni hapa kabla ya Aprili. Kuifanya ng'ambo kuna mizunguko ya wathibitishaji na gharama zake. Ila msimwachie mtu karatasi tupu yenye sahihi zenu "kwa dharura". Karatasi hiyo inaweza kugeuka barua ya kuunga mkono.

Kwa kijana, maagizo mafupi yaliyobandikwa jikoni yanatosha: karatasi yoyote ikibandikwa kwenye geti au ukuta wa viwanja hivi, ipige picha siku hiyohiyo, moja kwa karibu maandishi yasomeke, nyingine kwa mbali geti lionekane, uitume. Mtu akija na fomu, chukua nakala, mwambie wenye nyumba watajibu wenyewe, usitie sahihi wala alama. Tafuteni na mtu wa pili, maana kijana naye huenda kwao. Kama mtaa wenu una chama cha wakazi, huyo wa pili awe katibu wake, na chama kipewe namba zenu za viwanja kifuatilie magazeti. Gazeti rasmi la serikali hutoka Ijumaa na husomeka bure mtandaoni, hivyo hilo mnaweza kulisoma wenyewe huko mliko. Chifu na mzee wa mtaa ni watu wa kuwajulisha, lakini kusema barazani si pingamizi, na kuandika jina kwenye orodha ya waliohudhuria si maoni. Peleka maandishi.

Na mkiwa hapa msimu huu, ulizeni kaunti mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo lenu unasemaje na kama unafanyiwa marekebisho. Hapo ndipo watu wa msimu wana nguvu kuliko wanavyodhani: mpango huchukua miezi mingi, hutangazwa, na hupokea maoni ya maandishi kutoka popote. Mpango ukishasema mtaa wenu ni wa majengo marefu, kila pingamizi la kiwanja kimojakimoja litakuwa la kupanda mlima.

Kwa wasomaji wengine walio na swali kama hili: wenye nyumba bila ardhi, kama ilivyo Majengo na sehemu za Kisauni, nao wana haki ya kuandika. Sheria inazungumzia umma na wenye maslahi, kwa hiyo asikwambie mtu ulete hati miliki kwanza. Walio Mji wa Kale wana mlango wa ziada, Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, kwa kuwa eneo lile ni la hifadhi.

Kuna mambo matatu ambayo barua yangu haiwezi kuwasaidia. Ikiwa tarehe ya idhini inaonyesha siku 14 au 60 zimebaki chache au zimepita, muoneni wakili anayefanya kesi za ardhi na mazingira wiki hiyohiyo, si baada ya sikukuu. Ikiwa ripoti ya mpangaji miji ina mambo msiyoyaelewa, mlipeni mpangaji miji mwingine aliyesajiliwa aisome. Ni gharama ndogo ukilinganisha na rufaa. Na ikiwa ukuta wenu umeanza kupasuka kwa uchimbaji, leteni mhandisi leo apime na kupiga picha nyufa zenye tarehe kabla zege halijamwagwa. Kwa wakili nendeni na picha ya ubao, nakala za barua zenye mihuri, maelezo ya kijana, na tiketi au mihuri ya pasipoti inayoonyesha mlitoka lini na mlirudi lini. Na yeyote atakayewaambia ana mtu ndani wa kulipoteza faili, msimpe hata nauli.